Mshkaji anataka gobore? Twende Kalenga kwanza!

MSOMAJI wangu, ukikaa kijiweni Mwanjelwa jioni, pale Mbeya, baridi ikianza kung'ata masikio, utasikia habari za kila aina. Nani kanunua gari, nani kaachwa, nani kaenda Tunduma akarudi na mzigo. Lakini wiki ile kijiwe kilikuwa na mada moja tu. Gobore!

Mshkaji wangu mmoja, kijana wa miaka 23, muuza spea za pikipiki, alikuwa ameahidiwa gobore na jamaa fulani wa njia ya Chunya. Anataka kuwinda. Siyo tembo, jamani, msimfikirie vibaya. Anataka kanga, paa, na wale nguruwe pori wanaomaliza mahindi ya mjomba wake. Pesa ameshaweka pembeni. Shida yake moja tu, hajui kuchagua. Na kwa kuwa anajua mimi asili yangu Iringa na ukoo wetu ulikuwa na wawindaji, akanigeukia mimi.

"Kaka, wewe una damu hiyo. Twende ukanichagulie."

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi bunduki nazijua za kwenye video. Lakini yupo babu, mdogo wake babu mzaa baba, anakaa kijijini nje kidogo ya Kalenga. Huyo ametembea na gobore begani tangu kabla ya Uhuru. Tukamuulize mwenye fani. Mshkaji akakubali haraka, mradi nauli nilipe mimi. Wajanja hao!

Kwanza, lenyewe ni nini?

Kwa wewe mtoto wa mjini ambaye gobore umelisikia kwenye taarifa ya habari tu, nikueleze. Ni bunduki ya kushindilia. Risasi haiingii kwa nyuma kama bunduki unazoziona kwa askari. Unamimina baruti kwa mbele, kwenye mdomo wa mtutu, unatia kitambaa au nyuzinyuzi, unaweka gololi, halafu unashindilia kwa fimbo ambayo wazee wanaiita mdeki. Nyuma unaweka fataki, kifuniko kidogo kama cha kuchezea watoto. Nyundo ikigonga fataki, moto unapita kwenye kitundu, unakutana na baruti, na hapo ndipo mlio. Yale ya zamani zaidi hayakuwa na fataki, yaliwashwa kwa jiwe la gumegume, na ndiyo maana utakuta wazee wengine wanaiita bunduki yenyewe gumegume.

Zilifikaje huku milimani? Kwa biashara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar aliripoti kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka kupitia kisiwa kile. Nyingi zilikuwa mitumba ya Ulaya. Majeshi ya kule yalikuwa yanabadilisha silaha, zile kuukuu zikapakiwa melini kuja kubadilishwa na pembe za ndovu. Mitumba hatukuanza nayo leo, bwana wee.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinifumbua macho. Tarehe 2 Julai 1890 wakubwa wa Ulaya walikaa Brussels wakasaini mkataba wa kuzuia utumwa, na ndani yake wakaweka vipengele vya silaha. Bunduki za kisasa, zile za risasi za kuingiza kwa nyuma, zikapigwa marufuku kuuziwa Mwafrika kwenye eneo kubwa la bara hili. Zilizoachiwa mlango ni zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo babu zetu hawakulipenda gobore kwa ushamba. Ndilo waliloruhusiwa.

Safari yenyewe

Tuliondoka stendi ya Nane Nane asubuhi, mwezi wa tatu, mvua inanyesha kama imekodiwa. Mbeya hadi Iringa ni kilomita zaidi ya 300, na nakwambia ukipata kiti cha dirishani usimwachie mtu. Uyole, Igurusi, Chimala, mashamba ya mpunga ya Usangu yametandazwa kushoto kama jamvi la kijani. Igawa unapanda. Makambako upepo unakupiga kibao. Mafinga ni misitu ya misonobari mwanzo mwisho, mbao zimepangwa kando ya barabara, na vijana wanauza asali kwenye chupa za maji. Mshkaji hakuona hata kimoja. Alikuwa anaangalia picha ya gobore kwenye simu, aliyotumiwa na muuzaji, anaikuza, anaipunguza, anaikuza tena. Ungedhani ni picha ya mchumba.

Njiani nikamsimulia habari ya wawindaji wa Rungwe, upande wa Tukuyu. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wanazungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kule, wakawatajia nyani mmoja mwenye aibu anayeitwa kipunji. Wataalamu wakadhani ni hadithi tu. Kumbe yupo! Wakamwona mlimani, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa nyani mpya kwa sayansi. Mpya kwao, wawindaji walikuwa wanamjua kwa jina. Mshkaji akaniuliza, "Analiwa?" Nikanyamaza. Wamebaki wachache mno, msomaji, usije ukaniuliza na wewe.

Iringa tulishukia stendi, tukapanda mjini, tukala wali na maharage kwenye kibanda cha mama mmoja aliyetusalimu "Kamwene!" hata kabla hatujakaa. Kabla ya kwenda kwa babu nikampitisha mshkaji Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1914 lililojengwa kuwa hospitali ya jeshi, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kuzunguka kote ni kama saa moja. Ukiwa na mchumba mpeleke, ni bora kuliko kukaa baa mnaangaliana.

Lakini Kalenga ndiyo yenyewe. Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa. Ndani ya makumbusho kuna mikuki, ngao, marungu, na ndani ya kioo kuna fuvu la Mkwawa mwenyewe. Mshkaji aliyekuwa anapiga kelele tangu Mbeya alikaa kimya kama maji ya mtungini.

Simulizi yenyewe wengi tunaijua juu juu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, ukiwa unatoka Iringa kuelekea Dar, Wahehe waliuvizia msafara wa Emil von Zelewski, Mjerumani ambaye wenyeji walimpa jina Nyundo. Dakika chache tu kazi ikawa imekwisha. Nyundo akafa, na askari wake wengi wakafa. Waliotoka majanini walikuwa na mikuki zaidi kuliko bunduki, na wakateka bunduki karibu 300 na mizinga.

Sasa sikiliza hapa, wewe unayetaka bunduki ya kwanza. Bunduki zile zilizotekwa zilikuwa za kisasa kwa wakati ule, za kuingiza risasi kwa nyuma. Nzuri, za haraka. Lakini risasi zake zinatoka Ujerumani! Ukimaliza ulizoteka, umebaki na rungu la bei mbaya. Gobore halina maringo hayo, linakula baruti ya kawaida na chuma chochote. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga yao, wakaibomoa Kalenga. Mkwawa akaendelea kupigana msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, alipojipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Kichwa kikachukuliwa. Kikaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado kikachukua miaka 35 mingine kurudi. Gavana Twining ndiye aliyekirudisha Kalenga, Juni 1954.

Babu alikuwa kijana mdogo siku hiyo. Anasema alichokiona ni migongo ya watu tu.

Darasa la babu

Tulimkuta amekaa barazani, kajifunika koti la jeshi, kikombe cha ulanzi pembeni. Mvua ndiyo msimu wake, mianzi inatoa vizuri. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaulizia watu wote wa Mbeya mmoja mmoja mpaka wale waliokufa. Ndipo nikamweleza shida iliyotuleta. Akamwangalia mshkaji juu hadi chini.

"Unataka gobore. Ulete hilo lisimu nilione."

Akaiangalia picha muda mrefu. Akarudisha simu bila neno. Halafu akaanza kutueleza alivyochagua lake la kwanza, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwa bei ya ndama. Nami ninakupa kama alivyotupa.

Cha kwanza, alisema, usiangalie kitako. Vijana wote wanaangalia kitako kwa kuwa kinang'aa. Kitako ni mti tu, kikivunjika unachonga kingine cha mninga. Angalia mtutu. Uelekeze kwenye mwanga, uchungulie. Ukiona ndani pamechimbika kwa kutu kama uso wa mtu aliyeugua ndui, rudisha. Baruti ile nyeusi inaacha majivu yanayovuta unyevu. Huku kwetu kwenye ukungu, mtu akilala bila kuosha bunduki kwa maji ya moto na kuipaka mafuta, asubuhi kutu imeshaanza kula. Kwa hiyo ukichungulia mtutu hujui bunduki tu, unajua na tabia ya mwenye nayo.

Pili, ligonge kwa msumari, taratibu, kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Hapo babu akakohoa kutuonyesha, akacheka, kikawa kikohozi cha kweli, tukampa maji.

Tatu ni nyundo. Ivute nusu, halafu jaribu kubonyeza triga. Ikianguka, hiyo bunduki itakuua wewe kabla ya swala, kwa sababu utajikwaa nayo porini na itafyatuka yenyewe. Watu wengi waliokufa kwa gobore, alisema, hawakupigwa na adui, walipigwa na kichaka.

Na la nne, ambalo alilisema huku ameshika mkono wa mshkaji: mwenye kuuza afyatue kwanza. Wazee wao walikuwa wanalifunga gobore kwenye mti, wanatia baruti zaidi ya kawaida, wanafunga kamba kwenye triga, wote wanajificha nyuma ya kichuguu, wanavuta. Likipona, mnaongea bei. Muuzaji akikataa, chukua ndama wako uende zako.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hiyo siyo akili ya kijijini tu. Birmingham kule Uingereza wana nyumba ya majaribio tangu mwaka 1813, na kazi yake ni hiyohiyo. Mtutu unajazwa baruti kupita kiasi, unafyatuliwa, ukipona unapigwa muhuri. Mti na kamba vya babu vilikuwa nyumba ya majaribio ya Uhehe!

Mshkaji akaona amepata. Akauliza, hili la kwenye picha je?

"Hilo ni bomba la maji," babu akajibu.

Akaeleza. Zile bunduki za biashara za zamani zilikuwa na mtutu uliofuliwa kwa kazi hiyo, mnene nyuma, mwembamba mbele. Hizi za siku hizi fundi anachukua bomba, anachomelea kitako, anapaka rangi. Bomba limetengenezwa kubeba maji, na mengi yana mshono ubavuni pale bati lilipounganishwa. Baruti ikiwaka inatafuta pa kutokea, na mshono ndio mlango. Mkono wako wa kushoto uko wapi wakati huo? Umeshika hapohapo. Babu akataja majina ya watu watatu wa vijiji vya jirani, kila mmoja na vidole alivyobaki navyo. Mshkaji akatazama mkono wake wa kushoto, ule anaobadilishia chenji dukani.

Na ukilipata zima, unapata nini? Risasi moja. Moshi mzito mbele ya uso, huoni umempiga nani. Nusu dakika nzima ya kushindilia tena, kama nguruwe pori aliyejeruhiwa atakubali kukusubiri. Mnyama awe hatua 40, ikizidi sana 50, zaidi ya hapo unatishia kunguru. Mvua ikinyesha baruti inalowa, nyundo inagonga, kimya. Na huo ukimya ndio mbaya. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani polepole, kijana mwenye haraka anageuza mdomo wa bunduki achungulie kuna nini. "Usichungulie kamwe," babu alisema. Hakueleza zaidi, na sisi hatukuuliza.

Wenzetu Marekani wana mambo yao. Kule gobore ni starehe. Yapo majimbo yenye msimu maalumu wa kuwinda swala wao kwa bunduki za kushindilia tu, na tangu 1985, Tony Knight wa Missouri alipoanza kuuza ya muundo mpya, watu wanabishana dukani aina gani ni bora kwa anayeanza. Sisi mabishano yetu ni mengine.

Karatasi iko wapi?

Kwa sababu babu alikuwa bado hajauliza swali lake kubwa. "Lina namba? Lina karatasi?" Mshkaji akasema muuzaji amemwambia gobore halihitaji karatasi, ni kitu cha kienyeji.

Hapo babu alikasirika, na sijawahi kumwona amekasirika. Lake la mwaka 1960 lilikuwa na karatasi, iliyoliwa na mchwa baadaye, lakini ilikuwepo.

Mambo yenyewe yako hivi, msomaji, na usidanganywe na mtu wa kijiweni. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haijui kitu kinaitwa cha kienyeji. Silaha ni silaha. Leseni ni ya mtu aliyefikisha miaka 25 na kuthibitishwa kwamba anaweza kuitumia, na kutengeneza silaha bila leseni ni kosa jingine peke yake. Mshkaji wangu ana 23, hata angekuta gobore la dhahabu. Halafu kuwinda nako kuna kibali chake, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na siku hizi shughuli hizo zinasimamiwa na TAWA. Bila kibali, yule paa siyo kitoweo, ni nyara ya serikali. Watu wamehukumiwa miaka 20 jela kwa nyama ya swala. Miaka 20! Mtoto uliyemwacha tumboni anakuja kukutembelea gerezani amevaa tai.

Hata vile vijiji vya Idodi na Pawaga, njia hiyohiyo ya Ruaha, ambavyo viliunganisha ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii inayoitwa MBOMIPA, mnyama wake anawindwa kwa mgawo na kibali. Na kama kinachokutuma ni njaa ya nyamapori tu, tangu kanuni za mwaka 2020 mabucha ya nyamapori yameruhusiwa kisheria. Unanunua kilo yako, unadai risiti, unalala usingizi.

Mshkaji akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, kwani lako liko wapi?"

Mwaka 2023, Septemba na Oktoba, serikali ilitoa msamaha kwa mwenye silaha isiyo halali kuisalimisha bila kushtakiwa. Babu alisikia redioni. Alilala nalo siku tatu, anasema, kwa maana alilitoa juu ya dari akaliweka kitandani upande aliokuwa analala marehemu bibi. Siku ya nne alilifunga kwenye kanga ya bibi, akapanda bodaboda, akaenda kituoni. Askari kijana akaandika kwenye daftari: gobore moja. Babu akamwambia aongeze, lina mtutu wa Ulaya. Askari akasema hapana nafasi ya kuandika hayo. Kanga alirudishiwa.

Ulanzi ulikuwa umeisha. Mvua ilikuwa bado.

Kesho yake tulipanda basi la kurudi. Mshkaji alikaa dirishani mara hii, akaangalia nje mpaka Mafinga. Tulipokaribia Makambako simu yake ikaita. Muuzaji! Bei imeshuka, mzigo upo tayari, kuna mtu mwingine anautaka, aamue sasa. Alikuwa ameweka sauti ya nje, kwa hiyo basi zima tulisikia.

"Nina swali moja, bro," mshkaji akasema. "Utalifyatua wewe kwanza?"

Kimya. Muuzaji akacheka kidogo. Akasema subiri kuna mteja hapa, nakupigia. Mpaka tunashuka Uyole hakuwa amepiga.